Ahadi na Thamani

Waswahili husema kuwa ahadi ni deni. Msemo huu hutajwa mara nyingi kwa kumwonya mwenye kuahidi, lakini ni mara chache hutajwa kwa kumwonya mwenye kuahidiwa. Deni lina watu wawili: mmoja hubeba wajibu wa kulilipa, na mwingine hubeba kazi ya kulitunza, kulikumbuka na kulidai. Kazi hii ya pili ina gharama yake. Daftari lahitaji karatasi, kumbukumbu yahitaji akili iliyotulia, na deni lililokaa muda mrefu lahitaji kutafutwa mwanzo wake kabla ya kujulikana mwisho wake. Insha hii yahusu gharama hiyo, kwanza katika duka dogo kando ya Ziwa Jipe, na kisha ndani ya kompyuta, ambako wataalamu wameishughulikia kwa zaidi ya miaka 40.

Ziwa Jipe liko chini ya milima ya Upare wa Kaskazini, na mpaka wa Tanzania na Kenya wapita majini mwake. Mto Lumi huliletea maji kutoka upande wa Kilimanjaro, na Mto Ruvu huyatoa na kuyapeleka katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Ni ziwa la kina kifupi. Mafunjo na matete yamelisonga pande nyingi, hata mvuvi aingiaye majini hupita kwanza katika vichochoro vya majani kabla hajauona uwazi. Lina samaki wake, aina ya perege ambaye wataalamu wa viumbe wamempa jina la ziwa lenyewe. Mvuvi wa hapo hajui asubuhi atakachokuwa nacho jioni; kwa hiyo biashara ya ufukweni huenda sana kwa mkopo, unga leo, na fedha samaki watakapopatikana.

Katika kijiji kimoja cha ufukweni palikuwa na mtu aliyevua samaki ujanani, na alipochoka na mtumbwi alifungua duka. Aliuza unga, sukari, chumvi, mafuta ya taa, ndoana na nyuzi za kushonea nyavu. Kila mteja wa mkopo alikuwa na ukurasa wake katika daftari, jina juu na mistari chini. Mteja akichukua kilo 2 za unga, mwenye duka aliandika unga na bei yake. Akirudi kesho kuchukua sukari, aliandika sukari chini ya unga. Hakujumlisha. Jumla aliifanya siku mteja alipokuja na fedha mkononi na kuuliza, “Mzee, deni langu limefika wapi?” Hapo ndipo alipovaa miwani, akaanza mstari wa kwanza na kushuka polepole mpaka wa mwisho.

Mkewe hakuipenda desturi hiyo. Yeye alizaliwa Bangalala, wilaya ya Same, chini ya milima ya Upare wa Kusini, na huko maji ya kumwagilia huwekwa katika ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kienyeji: maji ya mfereji huelekezwa humo usiku, watu wakiwa wamelala, na asubuhi hufunguliwa yakaenda mashambani kwa zamu. “Baba watoto,” alimwambia mumewe, “mahindi yatataka maji kesho kama yalivyotaka jana. Kwa nini uyangoje yaombe?” Alitaka kila jioni, duka likifungwa, jumla ya kila ukurasa iandikwe na mistari ya zamani ikatwe kwa kalamu, ili mteja abaki na tarakimu moja tu mbele ya jina lake.

Mume alimjibu kwa upole, kwani alikuwa mtu asiyependa kushindana. “Samaki hawekwi katika ndiva. Ukimvua kabla hujajua nani atamla, ataoza.” Akaongeza kuwa katika daftari lake yamo majina ya watu ambao hatawauliza kamwe: mjane mwenye watoto wengi, na mvuvi aliyezama asionekane tena. Kujumlisha deni asilokusudia kulidai, alisema, ni kuichosha kalamu bure. Kila mmoja alikuwa na hoja, na kila mmoja alibaki na hoja yake. Daftari likaendelea kujaa, likafuatwa na la pili, kisha la tatu.

Usiku mmoja mwenye duka alishikwa na maradhi ya ghafla, na ikabidi apelekwe hospitali asubuhi. Fedha zilizokuwamo dukani hazikutosha. Mke na binti yao, aliyekuwa kidato cha pili na yuko nyumbani likizoni, walikaa chini na taa na madaftari 3 ili wajue nani wa kuombwa na kiasi gani. Kila jina lilikuwa safari nzima. Mistari mingine ilikuwa imelowa maji ya mvua, mingine iliandikwa kwa penseli iliyofifia, na malipo ya nusu yalikuwa yameandikwa pembeni bila tarehe. Jogoo waliwika kurasa 11 zikiwa tayari. Waliondoka kwa fedha walizokopeshwa na jirani.

Mgonjwa alipona safari ile, akaishi miaka kadhaa zaidi. Hakuna aliyelilaumu daftari. Lakini binti hakuusahau usiku ule, kwa sababu moja iliyomchoma: fedha zilikuwepo. Zilikuwa mikononi mwa watu wema waliokuwa tayari kulipa, na mwenye haki nazo hakuweza kuzitaja. Mali yote ilikuwa imeandikwa, na hata hivyo haikujulikana.

Miaka ilipita, binti akasoma chuo kikuu, akawa mtunzi wa programu katika ofisi moja mjini Moshi. Lugha aliyoipenda ni Haskell, ambayo si ngeni kabisa katika Afrika ya Mashariki; mwaka 2019, kwa mfano, wanawake kutoka Ethiopia na Uganda walifundishwa lugha hiyo katika darasa lililofanyika Addis Ababa. Alipewa kazi iliyofanana na daftari la baba yake: kusoma orodha ndefu ya mikopo ya maduka madogo, kila mstari una jina na kiasi, na kutoa jumla ya kila jina. Aliandika programu fupi nzuri. Aliijaribu kwa mistari 500, ikajibu mara moja. Alipoipa orodha yote, mistari 6,000,000, mashine ilianza kwenda kwa kusitasita, kumbukumbu yake ikajaa, na programu ikakatika kabla haijatoa jumla hata moja.

Ili msomaji aone kilichotokea, yafaa ajue kuwa lugha za kompyuta zina desturi mbili, na hizo ndizo desturi za wazazi wa binti huyu. Lugha nyingi hufuata desturi ya mama. Kanuni ikiitwa kufanya kazi, vitu inavyopewa huhesabiwa kwanza mpaka vikawa thamani kamili, ndipo kanuni ianze. Ndivyo ilivyo katika ML, lugha iliyoanzishwa Edinburgh katika miaka ya 1970 na Robin Milner na wenzake. Lugha chache hufuata desturi ya baba. Kanuni hupewa vitu vyake kabla havijahesabiwa. Badala ya thamani hupewa ahadi, yaani maandishi madogo ndani ya kumbukumbu yasemayo ni hesabu gani ifanywe itakapotakiwa.

Fikra hii ya pili haikuzuka kwa siku moja. Mwaka 1971 Christopher Wadsworth alieleza, katika tasnifu yake ya Oxford, namna ya kuahirisha hesabu mpaka ihitajiwe, na ikishafanywa mara moja jibu lake lihifadhiwe isirudiwe. Mwaka 1976 yalitoka maandiko mawili, moja la Peter Henderson na James Morris, jingine la Daniel Friedman na David Wise, yakaieneza zaidi. Lugha za namna hiyo zikawa nyingi, kila chuo na yake. Kwa hiyo mwaka 1987, katika mkutano wa Portland, Marekani, wataalamu walikubaliana waunganishe juhudi zao. Lugha iliyotokana na mapatano hayo iliitwa Haskell, kwa kumbukumbu ya mwanamantiki Haskell Curry, na maelezo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1990.

Waingereza huziita desturi hizi kwa majina ya uvivu na ukali. Mwalimu wa Kiswahili angesita kuyapokea majina hayo bila kuyapima. Mvivu ni mtu aiachaye kazi impasayo. Lakini hesabu iliyoahirishwa hapa haikuachwa, imengoja haja yake tu. Tabia ya namna hiyo Kiswahili huiita subira, na subira yavuta heri. Mkali naye ni mtu asiyesamehe, hali hesabu inayofanywa mara moja haimwadhibu mtu. Kwa hiyo, katika kurasa hizi desturi ya kwanza iitwe hesabu ya papo hapo, na ya pili iitwe hesabu ya subira. Majina haya yana faida nyingine: hayatoi hukumu kabla ya shauri kusikilizwa.

Subira ina faida zisizokanika. Kazi isiyohitajika haifanywi kabisa. Mtu aweza kuieleza orodha ya namba tasa zote, ambazo hazina mwisho, kisha akachukua 10 za mwanzo, na mashine ikamtolea hizo 10 bila kupotea katika zile zisizo na ukomo. Kwa desturi ya papo hapo, kuijenga orodha nzima kwanza ni kutotoka safarini. Tena, jambo hili limethibitishwa na wanamantiki: desturi zote mbili zikifika mwisho, jibu huwa moja, lakini ziko hesabu ambazo subira huzimaliza na haraka haizimalizi, wala hakuna ambazo haraka huzimaliza subira ikazishindwa.

Lakini ahadi ni deni, na deni hukaa mahali. Chukua kazi ya kujumlisha namba 1,000,000 moja baada ya nyingine. Kwa papo hapo, mashine hushika jumla moja mkononi na kuiongezea kila namba ipitayo. Kwa subira isiyoangaliwa, huanza na sifuri, na ikikutana na namba ya kwanza huandika: sifuri ukiongeza hii. Ikikutana na ya pili huandika: ahadi iliyotangulia ukiongeza hii. Huendelea hivyo mpaka mwisho, na mwisho wa orodha inazo ahadi 1,000,000, kila moja ikiitegemea nyuma yake. Katika kompyuta za leo, zinazotumia maneno ya biti 64, ahadi moja ya namna hiyo huchukua kadiri ya baiti 32; ahadi zote huchukua baiti milioni 32, kwa kulinda jumla ambayo yenyewe ingetosha katika baiti 8. Kisha ajapo wa kuuliza jumla, mashine hushuka ngazi zote hizo mpaka kwenye sifuri ndipo ianze kupanda. Ni mwenye duka yule yule, amevaa miwani, yuko mstari wa kwanza.

Hapa ndipo huingia kazi ya kompaila. Kompaila ni programu inayofasiri maandishi ya mtunzi na kuyafanya amri za mashine, na mfasiri mzuri husoma kwanza kabla ya kufasiri. Mwaka 1980 Alan Mycroft alionyesha namna kompaila inavyoweza kusoma programu ya subira na kutambua ahadi ambazo hazina maana kuwekwa. Swali lake ni jepesi kulisema: je, thamani hii itatakiwa kwa vyovyote? Ikiwa programu ina njia panda, na thamani yatakiwa katika njia ya kulia na pia katika njia ya kushoto, basi hakuna haja ya kungoja kujua njia itakayofuatwa, ihesabiwe sasa. Ikiwa yatakiwa upande mmoja tu, iachwe iwe ahadi, kwa maana huenda njia ya pili ikafuatwa na kazi hiyo isihitajike kamwe.

Swali hili laweza kuulizwa kwa namna nyingine, nayo ndiyo waliyoitumia wanamantiki. Tuseme hesabu iliyomo ndani ya ahadi haina mwisho, ni kisima kisicho na sakafu. Je, kazi nzima nayo ingetumbukia humo kwa vyovyote? Ikiwa ingetumbukia, basi kuifanya hesabu hiyo mapema hakuongezi hatari yoyote. Aliyehukumiwa kuanguka haumii zaidi kwa kuanguka asubuhi. Lakini ikiwa kazi nzima ingeweza kupona kwa kutoigusa ahadi hiyo, basi kompaila haina ruhusa ya kuigusa, kwani ingeiua programu iliyokuwa hai.

Kanuni zinazojiita zenyewe, kama ile ya kujumlisha orodha, zaleta ugumu zaidi, kwani huwezi kujua kanuni yataka nini mpaka ujue kanuni hiyo hiyo yataka nini. Kompaila hutoka katika mzunguko huo kwa kukisia. Huanza na kisio lenye matumaini makubwa kabisa, kwamba kanuni yataka kila kitu, kisha huisoma kanuni kwa kisio hilo na kuona kama linasimama. Lisiposimama hulipunguza na kusoma tena, mpaka kisio na usomaji vilingane. Katika kanuni ya kujumlisha, orodha ikiwa tupu jumla ndiyo jibu, na ikiwa si tupu jumla yapelekwa mbele kwa kanuni ile ile. Kwa njia zote mbili jumla yatakiwa. Hivyo ahadi 1,000,000 huondolewa, na mahali pake hubaki tarakimu moja.

Faida haiishii hapo. Katika lugha ya subira namba ya kawaida huwekwa kama ndani ya kifurushi, kwa sababu mashine haijui kama itakuta humo thamani au ahadi. Kompaila ikishajua kwa hakika kuwa ni thamani, kifurushi hakina kazi. Mwaka 1991 Simon Peyton Jones na John Launchbury walieleza namna ya kuipitisha namba yenyewe, uchi, kutoka kanuni hadi kanuni, pasipo kuifunga na kuifungua kila mlangoni. Mwaka 2007 Simon Marlow, Alexey Yakushev na Peyton Jones walieleza jinsi ya kuzitumia biti chache zisizo na kazi katika anwani ya kila kitu, ili ziwe alama ya kuonyesha kuwa kitu hicho kimekwisha hesabiwa. Ni kama kapu la samaki lililopimwa likafungwa uzi mwekundu: mnunuzi huona uzi, hafungui kapu.

Na juu ya uzi huo limejengwa jambo jingine. Mtunzi akitangaza kuwa sehemu fulani ya kitu lazima iwe thamani, kamwe isiwe ahadi, kompaila yaweza kuhakikisha kuwa kila kinachoingia hapo kimepimwa na kimefungwa uzi tangu mlangoni. Baada ya hapo, atakayekitoa hahitaji hata kuutazama uzi. Mahali penyewe ni ushahidi. Toleo la kompaila kuu ya Haskell lililotoka mwaka 2022 liliweka sharti hilo rasmi. Kazi hii haionekani na mtumiaji, wala haibadili jibu lolote. Yaondoa swali lililokuwa likiulizwa mamilioni ya mara na kujibiwa kwa jibu lile lile.

Sasa msomaji aweza kuuliza: maadamu kompaila ina busara kiasi hiki, kwa nini programu ya binti wa Jipe ilijaza mashine? Jibu ni kuwa kompaila yake haikukosea. Jumla zake hazikuwa mkononi mwa kanuni. Zilikuwa ndani ya jedwali, kila moja chini ya jina la mtu. Je, jina hili litaulizwa? Kompaila haikuwa na njia ya kujua. Labda mtumiaji angetaka majina 3 tu na kuyaacha mengine. Alan Turing alikwisha kuthibitisha mwaka 1936 kuwa hakuna mashine iwezayo kutambua, kwa kila programu, kama itafika mwisho. Kwa hiyo hakuna kompaila iwezayo kujua yote kuhusu kesho ya programu. Kompaila njema ina adabu: pale isipoweza kuthibitisha hunyamaza, na ahadi hubaki ahadi. Afadhali ichelewe kuliko iharibu.

Aliyejua alikuwa binti mwenyewe. Alijua kuwa ripoti ingetaja kila jina, bila kuruka hata moja. Ujuzi huo ulikuwa kichwani mwake na haukuwa katika maandishi. Lugha ya Haskell inayo njia ya kuuandika: alama ya mshangao mbele ya kitu kinachotakiwa papo hapo, tangu mwaka 2016 kuna na tangazo la kuifanya faili nzima ifuate desturi hiyo, na kuna jedwali la aina ya pili, ambalo haliweki kitu chochote chini ya jina kabla ya kukihesabu. Binti alichagua hilo la mwisho. Alibadili neno moja juu ya ukurasa, akaiendesha programu, ikaisoma mistari 6,000,000 na kutoa jumla zote.

Alikaa kimya mbele ya kioo. Wenzake walimpongeza, naye hakuwaambia alichokuwa anakiona, ambacho kilikuwa taa na madaftari 3 yenye mistari iliyolowa. Alifahamu kwa mara ya kwanza kuwa kosa la usiku ule halikuwa uzembe wa baba yake wala ukosefu wa hesabu. Baba alikuwa na ujuzi wa kutosha: alijua vizuri ni wateja gani ambao kwa vyovyote wangeulizwa, kwa kuwa walikuwa wakija kila mwezi bila kukosa. Alijua pia wale ambao hawangeulizwa. Ila aliwaandika wote kwa desturi moja, na ujuzi wa kuwatenganisha akauweka kifuani. Alipolala kitandani akiugua, ujuzi huo ulilala naye, na waliobaki na daftari walikuwa katika hali ya kompaila: wana maandishi yote, na hawana ruhusa ya kukisia.

Mwenye duka alifariki baadaye, na mkewe akaliendesha duka. Kama alivyotaka tangu zamani, kila jioni alijumlisha, akakata mistari, na kila mteja akabaki na tarakimu moja. Binti aliporudi nyumbani kwa mapumziko aliliona daftari jipya akafurahi, kwani lilikuwa safi kama jedwali lake. Lakini alipofika kurasa za mwisho alikuta majina machache yaliyoandikwa kwa mkono wa mama yake, yamenakiliwa kutoka daftari la zamani mstari kwa mstari, unga, sukari, chumvi, na chini yake hapana jumla.

“Hawa je, Mama? Mbona hukuwajumlisha?”

“Hao baba yako hakuwadai, mwanangu. Nami sitawadai.”

“Basi kwa nini umewaandika?”

“Kwa sababu walichukua,” mama alijibu, akafunga daftari.

Katika mashine, kujumlisha hakumwumizi mtu. Jumla isiyoulizwa hupoteza nukta ndogo ya wakati, na hapo hasara yake imekwisha. Kati ya watu mambo ni mengine. Deni likishakuwa na tarakimu lina njia ya kutembea: huonekana, hutajwa, na siku ya shida humjia mwenyewe bila kutumwa. Mjane wa ufukweni alilindwa na ule mstari usiopigwa chini ya jina lake. Mama huyu, aliyezaliwa penye ndiva na kuzoea kuyaweka maji kabla ya haja, alitambua kuwa wako wachache ambao subira yafaa iwangoje mpaka mwisho. Na hakuyaacha matambuzi hayo kifuani. Aliyaweka katika kurasa za nyuma, mahali pao, ili yeyote atakayelifungua daftari baada yake asihitaji kuuliza.

Basi hekima ya kompaila na hekima ya daftari lile hukutana mahali pamoja. Lijulikanalo kuwa litatakiwa lifanywe leo, kwa kuwa kuliahirisha ni kulipa kodi ya nyumba isiyokaliwa. Lisilojulikana liachwe lingoje, wala asitukanwe mwenye kulingoja. Na anayejua tofauti ya haya mawili aiandike wazi angali na nguvu za kushika kalamu.